Maktaba ya C imegoma kujengeka: kwanza jua anayelalamika ni nani

Wiki iliyopita kijana mmoja alipanda ngazi hadi chumbani kwetu hapa Ganjoni, Mombasa, shati limemganda mgongoni kwa joto, kipakatalishi amekibeba wazi mikononi asije akapoteza kilichokuwa kwenye skrini. "Ami, hii yasema zlib haiko, nami naiona iko!" Alikuwa akijenga libpng, maktaba ya C ya kusoma na kuandika picha za PNG, kwa ajili ya programu yake ya kuchapisha vitambulisho. libpng nayo inaitegemea zlib, maktaba ya kubana data. Skripti ya configure, ile inayokagua mashine kabla ya kujenga, ilikwenda vizuri kwa sekunde kadhaa, kisha ikamkatia maneno:

```
configure: error: zlib not installed
```

Alikuwa amekwishachungulia ndani ya /lib/x86_64-linux-gnu na kuiona libz.so.1 imekaa pale. Hakukosea. Wala configure haikukosea. Kila mmoja alikuwa akizungumzia kitu chake, na vitu vyenyewe vinabeba jina moja. Matatizo mengi ninayoletewa katika kazi hii ya kujenga maktaba kutoka kwenye msimbo wake ni ya ukoo huo.

Maktaba moja ina watafutaji wanne, kila mmoja kwa wakati wake na mahali pake, na hakuna anayemwuliza mwenzake. Kompaila hutafuta heda, yaani mafaili ya .h kama png.h, inapousoma msimbo wako. Kiunganishi, ile programu iitwayo ld, hutafuta libpng.so (maktaba ya pamoja, inayobaki nje ya programu) au libpng.a (inayomezwa ndani ya programu) wakati wa kuunga vipande viwe programu moja. pkg-config hutafuta faili dogo la .pc ili iwaelekeze hao wawili wa kwanza. Na kipakiaji, ld.so, hutafuta libpng16.so.16 pale programu inapoamshwa, iwe dakika ileile au mwaka mmoja baadaye kwenye kompyuta nyingine. Ukimjua anayelalamika, umeshajua pa kuangalia.

Nitautumia mfano huu wa libpng juu ya zlib, na nitazungumzia Ubuntu, maana ndiyo ninayoiona kwenye mashine nyingi zinazoletwa hapa.

## Kabla ya dalili yoyote: soma kosa la kwanza

Watu hunitumia picha ya mistari mitano ya mwisho ya skrini. Mistari hiyo karibu kila mara ni `make: *** [Makefile:…] Error 1`, na hiyo haisemi lolote zaidi ya kwamba kuna mtu aliyeanguka huko juu. Hifadhi kila kitu kwenye faili, kisha panda juu utafute `error:` ya kwanza:

```
make V=1 2>&1 | tee make.log
grep -n -m1 -i 'error:' make.log
```

`V=1` huifanya make, programu inayoendesha ujenzi wenyewe, ionyeshe amri kamili ya kompaila badala ya kuificha. Na kama ulikuwa umeanza na `make -j8`, rudia kwa `make -j1`, kwa sababu kazi nane zikisema kwa pamoja ujumbe huchanganyikana na kosa la kwanza linaweza kuwa limezikwa katikati ya maneno ya faili lisilohusika.

Kwa configure, jibu liko kwenye config.log, ndani ya folda ileile. Faili hilo ni refu na mwisho wake ni orodha ndefu ya vigeu. Tafuta mstari wenye `Cache variables`, kisha soma kwenda juu kuanzia hapo: utaona programu ndogo ya majaribio ambayo configure ilijaribu kuijenga, na maneno halisi ya kompaila ilipokataa. zlib yenyewe haitumii Autoconf, kile chombo kinachotengeneza configure za miradi mingi. configure yake imeandikwa kwa mkono na kumbukumbu zake huzitia kwenye configure.log, kwa hiyo usilitafute config.log kule ukalikosa ukadhani kuna jambo.

## gzip: stdin: not in gzip format

Hapa hakuna chochote kilichoanza kujengwa. Faili ulilopakua si kifurushi. Andika `file libpng-1.6.43.tar.gz`, na mara nyingi utajibiwa `HTML document`: ulikuwa kwenye waifai inayodai kuingia kwanza, ikakupa ukurasa wake wa kuingilia badala ya kifurushi, na wget, amri ya kupakua, ikauhifadhi kwa jina uliloomba.

Ndugu yake ni `unexpected end of file`, yaani upakuaji umekatika njiani. Kebo za SEACOM na TEAMS zimetua hapahapa Mombasa tangu 2009, lakini wengi wetu bado tunapakua kwa bando la simu, na bando huisha. Usianze upya ukachoma megabaiti zilezile mara ya pili. `wget -c` huendelea kutoka palipokatikia. Ukimaliza, linganisha `sha256sum` ya faili lako na ile iliyochapishwa na wenye maktaba. Mimi hulifanya hilo hata kifurushi kinapofunguka bila shida.

## ./configure: No such file or directory

Umechukua msimbo kwa git, moja kwa moja kutoka ghala la waandishi wake, na configure haihifadhiwi humo kwa miradi mingi. Hutengenezwa. Tafuta `autogen.sh`, au andika `autoreconf -fi` ukiwa na autoconf, automake na libtool. Ukiona CMakeLists.txt peke yake, mradi huo unatumia CMake: `cmake -B jenga`, kisha `cmake --build jenga`. Kama hutaki usumbufu, chukua kifurushi cha toleo badala ya git.

## ./configure: Permission denied

Kabla ya kukimbilia chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili, jiulize uko wapi. Wengi hufungulia kifurushi ndani ya flashi kwa sababu diski imejaa au kwa sababu wanahamisha kazi kati ya nyumbani na ofisini. Flashi nyingi zimeumbizwa FAT au exFAT. Mfumo huo haujui ruhusa ya kuendesha faili, kwa hiyo chmod itapita kimya na hakuna kitakachobadilika. Wengine huikwepa kwa kuandika `sh configure`, na kweli inaanza. Halafu baada ya dakika kumi inafika hapa:

```
ln: failed to create symbolic link 'libpng16.so.16': Operation not permitted
```

Maktaba ya pamoja kwenye Linux huishi kwa viungo vya jina. Faili halisi ni libpng16.so.16.43.0. libpng16.so.16 ni kiungo kinacholielekea, na hilo ndilo jina analolitafuta kipakiaji. libpng.so ni kiungo kingine, na hicho ndicho anachokitaka kiunganishi. FAT haina viungo vya namna hiyo kabisa. Nakili kifurushi, kikiwa bado hakijafunguliwa, hadi kwenye folda yako ya nyumbani, na ukifungulie huko. Na jina la folda lisiwe na nafasi: ukifungulia ndani ya "Kazi za Ofisi", configure nyingi zitakataa kwa maneno `unsafe absolute working directory name`, nazo zina haki, kwa sababu make hutenganisha majina kwa nafasi.

Ukiona `/bin/sh^M: bad interpreter`, au kwenye bash mpya `cannot execute: required file not found` na faili unaliona pale mbele yako, mistari ya skripti inaishia kwa mtindo wa Windows. Chukua kifurushi kilichokusudiwa Linux.

## newly created file is older than distributed files!

Dalili hii nitaikalia, maana nimeona mtu akipoteza siku nzima akibadilisha kompaila ilhali kompaila haina kosa. Mstari unaofuata huwa `Check your system clock`, na watu huuruka kwa sababu haufanani na jambo la C.

make haijui chochote kuhusu msimbo wako. Inachojua ni saa. Hulinganisha muda wa faili la .c na muda wa faili la .o linalotokana nalo, na kama .c ni jipya zaidi hujenga upya. Ndivyo ilivyofanya kazi tangu Stuart Feldman alipoiandika Bell Labs mwaka 1976. Kwa hiyo saa ya kompyuta ikidanganya, make nayo inadanganyika.

Hapa kwetu saa hudanganya kwa njia mbili. Ya kwanza ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, CR2032. Ikifa, kila stima ikipotea kompyuta ya mezani huamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma. tar hufungua kifurushi na kuyaachia mafaili tarehe zao za asili, tuseme 2024. configure huunda faili jipya, na kompyuta inalipa tarehe ya 2016. Faili lililozaliwa sasa hivi limekuwa kuukuu kuliko yaliyokuja kwenye kifurushi, na configure inasimama. Ukiona pia kivinjari kinalalamika kwamba cheti cha tovuti bado hakijaanza kutumika, huna haja ya ushahidi zaidi.

Ya pili inawapata wenye Windows na Linux kwenye mashine moja. Windows huandika saa ya hapa kwenye saa ya bodi. Linux, kwa kawaida, huichukulia saa ya bodi kuwa ya UTC, saa ya dunia, kisha huongeza saa 3 za Afrika Mashariki. Umetoka Windows adhuhuri, umeingia Linux bila intaneti, na Linux inakwambia ni alasiri. Unajenga, mafaili yanapata tarehe ya mbele. Baadaye unawasha bando, saa inajirekebisha, na make inaanza:

```
make: Warning: File 'Makefile' has modification time 10795 s in the future
make: warning:  Clock skew detected.  Your build may be incomplete.
```

Gawa 10795 kwa 3600. Ukipata karibu 3 kamili, ugonjwa ni huo, huhitaji kutafuta mwingine.

Andika `timedatectl` uone inavyosema. Ukiwa na mtandao, `sudo timedatectl set-ntp true` inatosha. Bila mtandao, weka mwenyewe kwa `sudo date -s`, kisha `sudo hwclock --systohc`. Kwa mashine ya mifumo miwili, dawa ya kudumu ni kuiambia Windows itumie UTC, kwa thamani ya `RealTimeIsUniversal` kwenye sajili yake. Betri mpya haina gharama ya kumfanya mtu ahangaike mwaka mzima.

Baada ya saa kuwa sawa, futa folda na uifungue upya kutoka kwenye kifurushi. Usijaribu kuyapangusa mafaili yote kwa `touch`. Kwenye maktaba nyingi hiyo huifanya make idhani configure yenyewe imepitwa na wakati, ikaanza kutafuta automake ya toleo fulani na kukwambia `aclocal-1.16: command not found`. Ukiona ujumbe huo wa aclocal bila kugusa chochote, uliza vilevile habari za tarehe: pengine folda ilinakiliwa kwa `cp -r`, na tarehe zote zikavurugika.

## zlib not installed, na png.h: No such file or directory

Turudi kwa yule kijana. Ubuntu na Debian huigawa maktaba vipande viwili. zlib1g ina libz.so.1 tu, kile anachokihitaji kipakiaji ili programu zilizokwishajengwa zifanye kazi. zlib1g-dev ina zlib.h, ina libz.so bila nambari, na ina zlib.pc. Yeye alikuwa na cha kwanza. configure ilikuwa inauliza cha pili. Ndani ya config.log yake maneno yalikuwa waziwazi:

```
/usr/bin/ld: cannot find -lz: No such file or directory
```

Amri moja, `sudo apt install zlib1g-dev`, na configure ikapita. Kwenye Fedora na jamaa zake mwisho wa jina huwa -devel. Kama hata kompaila haipo, utaambiwa `no acceptable C compiler found in $PATH`, na hapo ni `sudo apt install build-essential`.

Hali ni tofauti kama zlib umeijenga mwenyewe, tuseme ndani ya `$HOME/opt`. Hapo hakuna atakayeijua mpaka umwambie, na lazima umwambie kila mtafutaji kwa lugha yake:

```
./configure --prefix=$HOME/opt \
  CPPFLAGS="-I$HOME/opt/include" \
  LDFLAGS="-L$HOME/opt/lib -Wl,-rpath,$HOME/opt/lib"
```

`--prefix` ni mahali pa kusakinisha. CPPFLAGS ni ya kompaila na heda zake. `-L` ni ya kiunganishi. `-rpath` ni ya kipakiaji, na ndiyo inayosahauliwa. Kwa pkg-config ni `export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/opt/lib/pkgconfig`. Bila hiyo itakwambia kifurushi hakipo kwenye njia yake ya kutafuta, na folda imejaa.

## undefined reference to `png_get_libpng_ver'

Kompaila imeridhika, heda zimeonekana. Anayelia ni kiunganishi: ameona jina likiitwa, hajaona mwenye jina. Kabla ya kuijenga maktaba upya, tazama mpangilio wa amri yako. Tuseme msimbo wako uko kwenye jaribu.c. Hii inashindwa kwenye Ubuntu:

```
gcc -lpng jaribu.c -o jaribu
```

na hii inafanikiwa:

```
gcc jaribu.c -o jaribu -lpng
```

Kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia kama msomaji wa kawaida. Akifika kwenye `-lpng` hujiuliza: mpaka sasa nadaiwa nini ambacho hii inaweza kulipa? Kwenye amri ya kwanza hadaiwi kitu, kwa sababu jaribu.c bado haijafika, kwa hiyo huiacha na kusonga mbele. Mdai anafika baadaye, mlipaji ameshapita. Kwa maktaba za .a imekuwa hivyo siku zote, na Ubuntu imeziwekea zile za .so kanuni hiyo pia. Mwenye kudai atangulie, mwenye kulipa afuate. Ndiyo maana ukiunganisha .a za libpng mpangilio ni `-lpng -lz -lm`: libpng inaidai zlib, na inaidai maktaba ya hesabu. Ukitaka usikumbuke, mwachie `pkg-config --static --libs libpng` akuandikie.

Kama mpangilio uko sawa na bado jina halionekani, muulize mwenyewe: `nm -D libpng16.so.16 | grep png_get_libpng_ver`. Likiwemo, kiunganishi kimeokota maktaba nyingine yenye jina hilohilo mahali pengine. Na kama msimbo wako ni wa C++ na heda ya maktaba haina `extern "C"`, jina linalotafutwa limepotoshwa na C++ na halitaonekana kamwe.

Ujumbe unaoishia `recompile with -fPIC` ni jambo jingine: unajaribu kuingiza .a ndani ya .so, na ile .a haikujengwa ikiwa tayari kuhamishwa. Ijenge upya kwa `CFLAGS="-O2 -fPIC"`.

## implicit declaration of function

Ukipata hili kwenye maktaba kongwe ambayo mwaka juzi ilijengeka bila neno, angalia `gcc --version`. GCC 14, iliyotoka 2024, imeligeuza kuwa kosa jambo ambalo C99 ililiondoa kwenye lugha tangu 1999 na kompaila zikaishia kulionya tu. Nasimama upande wa GCC hapa. Zamani, kazi (function) ambayo haikutangazwa ilidhaniwa inarudisha `int` ya biti 32. Kama kweli inarudisha anwani ya biti 64, nusu ya anwani inakatwa, na programu inaanguka siku nyingine mahali pengine kabisa. Chukua toleo jipya la maktaba, au ongeza `#include` inayokosekana. `CFLAGS="-O2 -fpermissive"` itakuvusha usiku wa leo, lakini uandike mahali kwamba umeitumia.

`multiple definition of` kwenye maktaba kongwe ina historia kama hiyo, tangu GCC 10 ya 2020. Kigeu kimewekwa ndani ya heda bila `extern`, na `-fcommon` hurudisha tabia ya zamani.

## Killed signal terminated program cc1

Kumbukumbu imekwisha, na kiini cha mfumo kimeua kompaila ili kuokoa mashine. Hakiki kwa `sudo dmesg | grep -i 'out of memory'`. Punguza hadi `make -j1`, funga kivinjari, ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu). Kwa libpng ni nadra. Kwa maktaba kubwa kwenye kipakatalishi cha gigabaiti 4 ni jambo la kila siku.

## error while loading shared libraries

```
./jaribu: error while loading shared libraries: libpng16.so.16:
cannot open shared object file: No such file or directory
```

Umejenga, umesakinisha, umeunganisha bila kosa, na faili liko pale /usr/local/lib. Sasa anayesema ni kipakiaji, na yeye hakuwepo ulipokuwa ukiandika `-L`. Yeye husoma orodha yake iliyohifadhiwa /etc/ld.so.cache, na orodha hiyo haijiandiki upya yenyewe. Kwenye Ubuntu /usr/local/lib tayari imo kwenye folda anazoruhusiwa, kwa hiyo `sudo ldconfig` inamaliza kazi. Kwenye mifumo isiyoitambua, ongeza faili lenye mstari huo ndani ya /etc/ld.so.conf.d kwanza.

Libtool huwapoteza watu hapa. Wakati wa `make install` utaona `ldconfig -n /usr/local/lib` ikipita kwenye skrini, na utadhani limeshafanyika. Hiyo `-n` maana yake ni kutengeneza viungo vya jina tu, bila kugusa orodha.

Kuhusu LD_LIBRARY_PATH, itumie kwa jaribio la dakika moja, usiiweke kwenye .bashrc. Sudo huiondoa, cron, kiendesha kazi za ratiba, haiijui, huduma ya systemd haiioni. Programu itafanya kazi mkononi mwako na kufa usiku ikiitwa na cron, na utatafuta kosa kwenye msimbo. Kwa maktaba iliyo nje ya folda za mfumo, `-Wl,-rpath` ndiyo njia. Hakiki kwa:

```
readelf -d jaribu | grep -E 'NEEDED|RUNPATH'
```

RUNPATH ya programu yako haiwasaidii wajukuu. Ikiwa jaribu inahitaji libpng na libpng inahitaji zlib, kipakiaji kitaitafuta zlib kwa kufuata RUNPATH ya libpng yenyewe. Ukiijenga libpng bila rpath, itachukua zlib ya mfumo, kimya kabisa, na ile uliyoijenga kwa jasho itakaa bila kuguswa. `LD_DEBUG=libs ./jaribu` huonyesha kila mlango anaoubisha.

## version `GLIBC_2.38' not found

Umejenga kwenye Ubuntu 24.04 ukaipeleka kwa mteja mwenye 22.04. Ya kwanza ina glibc, maktaba ya msingi ya C, toleo 2.39, ya pili 2.35. Inaweza kutosha programu yako kuita strtol, ya kugeuza maandishi kuwa namba, tu, nayo ikafungwa kwenye jina jipya lililoanza 2.38. Usinakili libc.so.6 kwenye mashine ya mteja, nakusihi. Hiyo ndiyo maktaba ambayo ls, bash na sudo zote zinaitegemea, na ikiharibika huna tena amri ya kuitengenezea. Jenga kwenye mfumo wa zamani zaidi kati ya mtakaoitumia, hata ndani ya kontena.

## Hakuna kosa, lakini toleo ni lilelile la zamani

Hili ndilo lililomrudisha yule kijana kesho yake. libpng 1.6.43 ilijengeka, ikasakinishwa /usr/local, programu yake ikaunganishwa na kukimbia, na picha ileile iliyomsumbua ikaendelea kumsumbua. Nilimwandikia programu hii, na nashauri kila mtu awe nayo karibu:

```
#include <stdio.h>
#include <png.h>
#include <zlib.h>

int main(void)
{
    printf("png  heda: %s  maktaba: %s\n",
           PNG_LIBPNG_VER_STRING, png_get_libpng_ver(NULL));
    printf("zlib heda: %s  maktaba: %s\n",
           ZLIB_VERSION, zlibVersion());
    return 0;
}
```

Neno la kushoto hugandishwa na kompaila kutoka kwenye heda. La kulia hutamkwa na maktaba yenyewe programu ikiwa hai. Kwake ilitoka heda 1.6.43, maktaba 1.6.37. Mashine yake ni Ubuntu 22.04, na hiyo 1.6.37 ni ya mfumo. Matoleo yote mawili yanaitwa libpng16.so.16 mbele ya kipakiaji, ldconfig haikuwa imeendeshwa, kwa hiyo kipakiaji kilichukua ile iliyokuwa kwenye orodha na hakikuwa na sababu ya kulalamika. `ldd jaribu` ilionyesha njia yenyewe: /lib/x86_64-linux-gnu.

Sikumwambia aendeshe ldconfig. Angeiendesha, libpng yake ingetangulia ile ya mfumo kwa kila programu ya mashine hiyo inayoitegemea libpng ya mfumo, kwa sababu Ubuntu huisoma /usr/local/lib mwanzo. Kwa toleo la ukoo mmoja inaweza isilete madhara. Kwa maktaba nyingine nimeona mashine ya ofisi ikikataa kufungua mazingira ya dirisha asubuhi yake. Na kusakinisha kwa `--prefix=/usr` ni kubaya zaidi, kwa sababu apt itaandika juu ya mafaili yako siku ya kusasisha, au wewe umeshaandika juu ya yake.

Tuliirudisha nyuma. Ndani ya folda ya chanzo, `sudo make uninstall`, na ndiyo sababu folda hiyo isifutwe haraka. Ukiwa umeifuta, fungua kifurushi cha toleo lilelile, configure kwa `--prefix` ileile, kisha uninstall. Heda kuukuu nazo zitafutwe: png.h iliyosahaulika ndani ya /usr/local/include husomwa kabla ya ile ya /usr/include, na ikiwa ni ya ukoo mwingine utapata `Application built with libpng-1.5… but running with 1.6…`. Kisha tukaijenga upya ndani ya `$HOME/opt`, zlib kwanza, libpng baadaye, kwa zile CPPFLAGS na LDFLAGS nilizoonyesha, na programu yake nayo kwa rpath hiyohiyo. Kabla ya kusakinisha alitaka kuona mafaili yatakwenda wapi, akatumia `make install DESTDIR=/tmp/onyesho`, akayahesabu moja moja.

```
png  heda: 1.6.43  maktaba: 1.6.43
```